Mkono Usiosikia Moto

Kama umetoka zahanati leo na umeambiwa jina la ugonjwa huu, nadhani umerudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili usikutane na watu. Mimi nilipita katikati ya mahindi ya jirani, nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilikanyaga mche mmoja kwa makusudi. Kaa chini kwanza. Nitakueleza yaliyonipata hatua kwa hatua, na lile unalotaka kulijua nitakuambia mapema: nilikuwa na ukoma, na nilipona. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havinyooki, lakini maneno haya nimeyaandika kwa mkono huo huo.

Ilikuwa zamani za Mwingereza. Sisi tulikaa juu ya mji mdogo wa Soni, milimani Usambara, kwenye mteremko ambao ukiangusha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani. Baba alilima kabichi na viazi vya kupakia lori la Tanga. Mimi nilikuwa darasa la tatu, msichana pekee humo darasani, na nilikuwa na tamaa moja tu: kufanya mtihani wa darasa la nne na kwenda shule ya kati. Bibi, mama yake baba, hakuwa na neno na masomo yangu ilimradi nisisahau jiko.

Kwetu binti hupimwa jikoni. Wanawake wakikutana kupikia harusi au maulidi, macho yao yako kwa wasichana: nani anakimbia moshi, nani analalamika, nani anasubiri kutumwa. Siku moja tulikuwa kwenye maulidi ya jirani, maharage yakaanza kushika chini, na yale magamba ya mgomba ya kuepulia yalikuwa yamelowa. Nikainama nikaepua chungu. Mkono wa kushoto niliuzungushia upindo wa kanga. Wa kulia niliuacha mtupu. Nikakitua chungu chini bila haraka, nikajifuta jasho.

Wanawake wakanyamaza. Bibi hakunyamaza.

"Mmeona?" akasema. "Wenu wakiguswa na mvuke tu wanaita mama zao. Huyu wangu ameshakuwa mtu mzima."

"Ana mkono wa kiume," mmoja akasema.

"Wa kiume uko wapi? Wanaume mbona wanapiga kelele wakichomwa na miba? Huu ni wa kwetu."

Hakuna aliyeuliza kwa nini ule wa kushoto niliufunika. Hata mimi sikujiuliza. Tangu siku hiyo, kila palipokuwa na shughuli nilikuwa naitwa: mwiteni yule mwenye mkono. Niligeuza kuni zinazowaka, nikaokota mahindi ya kuchoma kwenye makaa. Nilipenda kusifiwa, na sifa zilikuwa zikinijia kutoka kwa mtu niliyempenda kuliko wote. Malengelenge yalipotoka, bibi aliyafunga kwa kitambaa akisema mwenye kazi hakosi alama. Na baka lililopauka juu ya kiwiko, akalisugua kwa majani kama choa.

Nakueleza haya ili usijilaumu, wala usiwalaumu watu wako upesi. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa na jambo moja tulilolijua vizuri, kwamba mtoto asiyelia ni mtoto hodari, na hilo likatuziba macho.

Aliyeona ni mwalimu wetu, Mwalimu Yosefu, Mlutheri kutoka upande wa pili wa mlima. Alikuwa akipita kati ya madawati tukiandika imla, akaona karatasi yangu imelowa. Lengelenge lilikuwa limepasuka chini ya kalamu.

"Mkono huo umeufanya nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Unauma?"

"Hapana."

Akachuma jani la nyasi dirishani, akaniambia nifumbe macho na niseme kila anaponigusa. Nikafumba. Nikangoja. Niliwasikia wenzangu wakicheka, kisha nikasikia wameacha kucheka.

"Mbona huanzi, mwalimu?" nikauliza.

"Nimeshamaliza," akasema.

Akanitoa nje, akaniambia polepole, kama mtu anayeeleza hesabu ngumu. "Mkono huu ndio utakaokupeleka shule ya kati. Ukiendelea kuuunguza hivi, vidole havitakuwapo. Hatupiti nyumbani. Tunakwenda Lushoto kwa dresa, na baba yako tutamchukua njiani."

Barazani kwa dresa, msaidizi wa daktari, kulikuwa na benchi la wenye kikohozi na benchi la wenye watoto. Mwishoni, karibu na pipa la maji, hapakuwa na benchi. Hapo ndipo tulipoambiwa tusubiri baada ya dresa kuuangalia mkono mara ya kwanza. Tulisimama tangu adhuhuri mpaka jioni. Baba alikuwa mtu wa maneno machache; alichofanya ni kuvua koti lake, akalikunja, akaliweka sakafuni, akaniambia nikalie. Watu walitutazama. Yeye akawatazama pia. Mpaka leo, nikimwona mtu amesimama peke yake kwenye baraza la hospitali, nakwenda kusimama karibu naye.

Walinikwangua ncha ya sikio kwa wembe, wakapaka kile walichokipata kwenye kioo kidogo, wakatuambia turudi baada ya wiki. Tuliporudi ndipo lilipotajwa jina. Nikapita kwenye mahindi.

Nyumbani hakukukalika. Watu wa ukoo wa baba walisema ugonjwa umetoka kwa mama. Wa kwa mama wakajibu kwamba kwao hakuna mtu aliyewahi kukatika kidole. Mama na baba wakawa wanapitishiana maneno kupitia kwangu, mimi niliyekuwa nimekaa katikati yao. Bibi alitenga bakuli langu, akaliweka dirishani.  Bakuli lile liliniuma mahali ambapo nilikuwa nasikia vizuri.

Siku ya nne akaja jumbe, yule aliyekuwa mkono wa serikali kijijini kwetu. Alikaa uani akaeleza alichoamua: nisikanyage shule tena, na baba anijengee kibanda ng'ambo ya kijito, nikae huko.

"Kwa muda gani?" baba akauliza.

"Muda upi? Ugonjwa huu hauna muda."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikatoka. "Kibandani sikai," nikasema. "Dresa amesema iko kambi wanakotibu. Nipelekeni huko."

Bibi akashtuka. "Huko wanakwenda watu wasio na kwao."

"Mimi nina kwetu, bibi. Nitakwenda na nitarudi. Nina mtihani."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumjibu mtu mzima huku nikimtazama usoni. Jumbe alisema mtoto huyu hana adabu. Hapo alikuwa anasema kweli, na sijaomba radhi.

Kambi ilikuwa chini tambarare, mwendo wa lori na kisha mwendo wa miguu, mahali pa joto na mbu. Kwetu nilikuwa nimezoea ukungu wa asubuhi na maji baridi yanayouma meno. Kule jua lilikuwa kama limekodishwa kutuchoma. Palikuwa na safu za vibanda, zahanati ya mabati, shamba la mihogo, na watu ambao sikuwahi kujua kama wapo duniani: Wanyamwezi na Wamakonde waliokuja kukata katani, Wabondei, Wazigua, mzee mmoja Mrundi aliyetembea kwa miguu mpaka Tanga. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Kule nikakijua kuwa ni lugha ya kuombea chumvi, ya kugombania ndoo, ya kufariji.

Niliwekwa kibanda kimoja na Mama Atanasia, Mnyamwezi, mjane wa mkata katani. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili, wa kushoto kimoja na nusu. Kwa mikono hiyo alilima, alisuka ukili, na alinishinda kumenya mihogo.

"Wewe wa milimani," aliniambia siku ya kwanza, "mbona unatetemeka na jua hili?"

"Sitetemeki."

"Basi ni miti nyuma yako inayotetemeka. Leta mkono."

Nikaficha.

"Leta, bwana. Unaona aibu kunionyesha mimi mkono? Mimi ndiye wa kukuonea wivu, una vidole kumi kama mtu anayeviuza."

Alichonifundisha nakupa wewe kama nilivyopewa. Usishike kitu cha moto bila kitambaa, hata kama unaona kimepoa, kwa sababu mkono wako sasa ni shahidi wa uongo. Kila jioni kabla giza halijaingia, kaa mlangoni uangalie viganja na nyayo, uchunguze kama mtu anayechagua mchele. Ukikuta jeraha ambalo hukulijua, usilie. Lioshe, lifunge, halafu ukumbuke ulishika nini. Loweka mikono majini, paka mafuta ya nyonyo, kisha nyoosha kila kidole kwa mkono mwingine, mmoja mmoja, mara nyingi kuliko unavyotaka. Yeye aliyajua haya akiwa amechelewa. "Mimi naangalia vilivyobaki," alisema. "Wewe utaangalia vyote."

Siku za sindano zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Dawa ilikuwa nzito na sindano nene, na tulijipanga foleni tangu alfajiri kwenye baraza la mabati. Dresa wa kambi aliishika chupa kwapani kwanza ili dawa ipate joto na ipite kwa urahisi. Hakuamriwa na mtu kufanya hivyo. Kwa miaka mingi nimesikia watu wakitaja wema mkubwa waliotendewa. Mimi nalikumbuka lile kwapa.

Masika ya kwanza yalikuwa mabaya, na sitaki kukudanganya. Badala ya kupona nikazidi kuugua. Uso ulivimba, vinundu vyekundu vikajaa mikononi, homa ikanilaza, na mshipa wa kiwiko ukauma kama jino. Ulipotulia, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kama vinashika kitu. Nikachukua kalamu. Ikaanguka. Nikaichukua tena.

"Jifunze na wa kushoto," dresa akanishauri. Alinitakia mema.

"Wa kulia haujafa," nikamwambia.

"Sijasema umekufa. Nasema usikae bure."

"Sitakaa bure."

Mama Atanasia akanichongea kijiti bapa, akakifunga chini ya vidole vile kwa kamba za mgomba ili vinyooke nikiwa nimelala. Mchana nilikifungua nikaandika mavumbini, kwanza kwa kijiti kinene, kisha kwa chembamba, kisha kwa kalamu niliyoibana kati ya gumba na vidole viwili vilivyotii. Herufi zangu zilikuwa kama kuku waliotawanyika. Mpaka vuli zikawa zinatembea kwa mstari.

Kwa kuwa nilijua kusoma, nikawa msomaji wa kambi. Gazeti la Kiswahili lilitufikia likiwa limechelewa wiki mbili na limefungiwa sabuni. Wazee walikaa chini ya paa la zahanati, nami nikasoma kwa sauti. Walitaka bei ya katani kwanza, ingawa hakuna aliyekuwa akiiuza. Siku moja nikakuta habari za kwetu. Iliandikwa kwamba wakulima wa Usambara bado hawajaelewa faida ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko mashambani, kama serikali inavyotaka. Nilisoma kwa furaha kuona milima yetu imechapwa.

Mama Atanasia akanikatiza. "Hawajaelewa, au wameelewa wakakataa?"

"Imeandikwa hawajaelewa."

"Aliyeandika alimuuliza nani?"

 Nilikuwa nimekua nikiamini kwamba kilichochapwa ni kweli, anachosema jumbe ni amri, na anachosema bibi ni hekima. Swali lile lilinikaa mwilini kuliko homa.

Mama alipokuja kunitazama, baada ya mavuno ya mahindi, nilimuuliza. Alinisalimu kwa Kishambaa akiwa bado mbali, na mimi, ambaye sikulia kwenye sindano, nililia kwa kusikia Kishambaa. Akacheka, akakaa karibu kabisa na mimi. Hakuniuliza kama ni salama.

"Matuta?" akasema. "Wanatuita kuchimba siku tatu kwa wiki, na shamba lenyewe halipandwi. Tumekwenda wanawake kumwambia jumbe atuonyeshe kwanza shambani kwake. Akasema mgongo unamuuma."

"Mkafanyaje?"

"Tukamwambia pole. Tukaweka majembe chini tukarudi nyumbani."

Mama Atanasia akanitazama. Sikuhitaji kuambiwa. Mama yangu, aliyekuwa akinong'ona mbele ya wakwe zake, alikuwa ameelewa na amekataa. Ndipo nilipoanza kuona kwamba ulimwengu si ukuta. Ni watu, na watu huulizwa.

Sindano zikageuka vidonge. Masika ya pili yakapita bila homa. Baka la kwenye kiwiko likarudisha rangi, ingawa mguso haukurudi. Bibi alikuja wakati huo, akisindikizwa na baba, miguu imevimba kwa safari. Alikaa mkekani karibu nami. Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza, akahesabu makovu.

"Yote haya niliyasifu," akasema.

"Hukujua, bibi."

"Sikujua. Na bado nilikuwa nasema."

Nilitaka kumwambia si kitu, kwa sababu ndivyo tunavyowaambia wazee. Nikaona haitakuwa kweli. Nikamwambia, "Uliniumiza uliponitengea bakuli. Moto haukuniuma."

Baba akainamisha kichwa. Bibi akauliza kama kuna chakula. Nilikuwa na ugali wa muhogo na mboga kwenye sinia. Akanawa, akamega upande wangu, akala mpaka tukamaliza. Alilalamika kwamba mboga haina chumvi. Nikajua tumepatana.

Baada ya kupimwa mara nyingi, mganga mkuu akatia sahihi cheti kwamba sina tena ugonjwa wa kumwambukiza mtu. Mama Atanasia hakutaka kuagana kwa machozi. "Nenda," alisema. "Ukikaa hapa utanizoea, halafu nitakosa mfano wa kuwasimulia wengine kwamba wapo wanaotoka."

Nilifika kwetu mwanzoni mwa kipupwe. Mwalimu Yosefu alikuwa tayari kunipokea darasani, lakini wazazi wa wanafunzi walikuwa wamesikia kwamba nimerudi. Wakaita kikao mbele ya shule, wanaume kumi na mmoja kwenye mabenchi mawili, baba akiwa mmoja wao, jumbe mwishoni. Mwalimu akasoma cheti.

"Karatasi ni karatasi," jumbe akasema. "Mkono wake si tunauona?"

"Vidole vilivyokunjwa si ugonjwa, ni kovu," Mwalimu akajibu. "Mguu wako wa kushoto unachechemea tangu ulipovunjika. Umemwambukiza nani?"

Watu wawili wakacheka, wakajizuia. Mmoja akasema hana ubaya na mtoto, ila ana watoto watano pale darasani, na nani atamlipia wakiugua? Alisema kwa hofu ya kweli. Nilimwelewa. Mwalimu akanifanyia ishara nisubiri kando.

Sikusubiri. Nilikuwa nimesubiri kwenye baraza bila benchi, kwenye foleni ya mabati, masika mawili mazima. Nikaenda mwanzo wa benchi la kwanza, nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa, nikanyoosha mkono wa kulia.

"Shikamoo, mzee."

Unajua kwetu. Shikamoo ya mtoto haiachwi chini, na mkono ulionyooshwa pamoja nayo hauachwi hewani. Yule mzee aliutazama, akaitikia marahaba, akanipa vidole vyake kwa ncha. Nikaenda kwa wa pili. Wa tatu alinishika kwa mikono miwili. Baba alinipa mkono wake kama mtu mwingine yeyote, na akaubana. Yule mwenye watoto watano alifumba macho kwanza, kisha akaupokea. Nilipomaliza kumi nikafika kwa jumbe.

Alikuwa amevaa kabuti, na mikono yake ilikuwa mfukoni.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba."

Nikabaki pale, mkono mbele yake.

"Nimeshaitikia," akasema.

"Nimesikia, jumbe. Mkono bado."

Mtu mmoja akakohoa. Bega lilianza kuniuma, kwa sababu begani nasikia vizuri sana. Jumbe akatazama mlima, akatazama viatu vyake, akatazama mlima tena. Hakuutoa mkono. Mimi nami sikuurudisha wangu, mpaka nilipoona wale wengine wote hawanitazami mimi tena, wanamtazama yeye. Ndipo nikaushusha, kwa wakati wangu, nikapita kati ya mabenchi nikaingia darasani. Mwalimu akanifuata, akafuta ubao, akaandika hesabu za kugawanya.

Mtihani niliufanya mwaka uliofuata. Nilikuwa wa mwisho kutoa karatasi, na nilikwenda shule ya kati. Na jumbe nilikutana naye mara nyingi njiani, nikienda na nikirudi. Kila mara nilimpa shikamoo. Kila mara nilinyoosha mkono.